Yah: Mteremko Wetu Kuachwa Nje ya Orodha ya Mikoa Bora ya Baiskeli za Milimani

Kwa Ndugu Mhariri, na kwa wajumbe wako wote mlioketi mkapanga orodha ile bila kutuuliza,

Ninakuandikia nikiwa kibandani kwangu, ninapotengeneza baiskeli, chini kabisa ya mteremko, mahali ambapo kila kilichoharibikia juu hufikia. Afya yangu ni njema. Hasira yangu nayo haina tatizo lolote. Nimenawa grisi mara mbili kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo alama ya dole utakayoiona pembeni ni ile iliyokataa kutoka, na ninaomba uivumilie.

Toleo lako la mwezi uliopita lilifika nyumbani mikononi mwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ni mwalimu wa jiografia na anaishi mkoa wa ng'ambo ya bonde. Alikuja kututembelea Jumapili. Hata kukaa hakukaa. Alilifungua gazeti ukurasa wa kumi na moja, akakohoa kidogo kama anayefungua mkutano, akatusomea orodha yenu ya mikoa kumi inayofaa zaidi kwa baiskeli za milimani. Mkoa wake ni wa kwanza. Wetu haumo. Aliisoma mara ya pili, polepole, asije akawa ameniruka kwa bahati mbaya. Tangu siku hiyo chakula hakinishuki. Mke wangu anasema kinashuka vizuri tu na sahani zinarudi nyeupe, lakini hayo ni mambo ya ndani ya nyumba.

Haya ndiyo malalamiko yangu. Nimeyapa namba ili usije ukajibu moja ukayaruka mengine.

1. Mmeupa nafasi ya kwanza mkoa ambao njia zake ni laini. Si mimi ninayesema, mmeandika wenyewe kwamba njia za kule "zimetunzwa vizuri, zina madaraja ya mbao na vibao vya kumwelekeza mgeni." Nilipoisoma sentensi hiyo nilidhani nimekosea ukurasa. Njia iliyotunzwa, yenye daraja na kibao, hiyo ni barabara. Bibi yeyote anaipita na trei ya mayai mkononi. Mtu anayebeba baiskeli yake kwenda milimani anakwenda kutafuta tabu, na tabu ikiondolewa anabaki na nini? Anabaki na mandhari, ambayo angeweza kuitazama dirishani akiwa amevaa ndala.

2. Hamkufika kwetu. Mteremko wetu unaanzia juu kwenye zahanati na unakomea kibandani kwangu. Ni kilomita mbili na nusu kwa hesabu ya mke wangu, ambaye ni mkunga katika zahanati hiyo, na huupanda kwa baiskeli kila siku ya kazi. Sehemu zake tumezipa majina kwa kufuata zinachovunja. Kona ya kwanza kutoka kibandani inaitwa Kata Cheni. Juu yake kuna Pinda Rimu, mawe matatu yaliyojipanga vibaya kwa makusudi. Halafu Meza Tairi, shimo ambalo wakati wa mvua limewahi kuficha pikipiki nzima. Karibu na zahanati kuna Kumbuka Mama, ambapo breki huwa hazina tena maoni. Mteja akiniletea baiskeli hana haja ya kunieleza alipoangukia. Ninaiangalia fremu, ninamtajia mahali. Katika miaka kumi na tisa nimekosea mara moja tu, na baadaye ilijulikana kwamba yule bwana alianguka uani kwake akiwaonyesha wakwe zake namna ya kuachia usukani.

3. Vigezo vyenu vinatia shaka. Mmetoa alama kwa mandhari, malazi, usalama, na upatikanaji wa vinywaji baridi. Kwa uharibifu, hata alama moja! Mimi ushahidi ninao. Kila rimu iliyonishinda nimeitundika ukutani na tarehe yake kwa chaki. Zimefika arobaini na moja, ukuta umejaa, nimehamia darini, na siku hizi wateja warefu huingia wakiwa wameinama. Kutoka mkoa wa shemeji nina rimu moja tu, na hiyo ilikanyagwa na lori. Nilimwuliza kwa heshima zote, fundi baiskeli wa kwao anaishije? Akanijibu kwamba alifunga kibanda muda mrefu na sasa anauza maua. Alilisema hilo kama mtu anayejivunia. Maua, Ndugu Mhariri.

4. Hapa naomba ukae vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye uchungu. Baraza la mji limepanga kuutengeneza mteremko wetu. Mawe yatang'olewa, mashimo yatafukiwa, mitaro itachimbwa, na juu yake ipite lami. Siku lami ikifika kibandani kwangu, mimi nami nianze kujifunza majina ya maua.

Na nani aliyelitia baraza wazo hilo? Mke wangu. Alikusanya sahihi za akina mama mia mbili na sita pale zahanati, mmoja mmoja, mimi nikiwa sina habari. Nilijua siku nilipokuwa namjazia upepo tairi la nyuma, karatasi zikaanguka kutoka kwenye mkoba. Hoja yake ni kwamba wajawazito wanapandishwa kule wakiwa wamekaa kwenye keria, wanashuka njiani mara tano, na wengine hawafiki. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwambia kwamba, kwa mtazamo wa kitaalamu, mama anayefika juu kwa njia yetu anakuwa ameshamaliza nusu ya kazi. Niliona ni mzaha mzuri. Kwa siku mbili aliwasiliana nami kwa kupitia simu ya shemeji, ambaye alifurahia sana kutumwa.

Sikukata tamaa. Nilikwenda dirishani pale baraza nikauliza kama kuna namna ya kuuokoa mteremko. Karani akanifahamisha kwamba njia ikishatambuliwa rasmi kuwa ya michezo, baraza haliigusi. Itambuliwe na nani? Akasema na gazeti la michezo linaloeleweka. Kwa hiyo unaona mwenyewe, jambo hili limelala mikononi mwako. Mstari mmoja tu katika orodha yako ungeniachia kibanda changu.

5. Kwa kuwa hamkututambua kwa wakati, nimelazimika kufanya kazi yenu. Mhandisi wa baraza alikuja akapigilia vigingi vyenye vichwa vyeupe kuonyesha barabara itakapopita. Mimi, kwa nia safi, niling'oa kumi na viwili vya mwanzo, nikavipanga upya nyuma ya ghala kama njia ya mashindano, nikavipa na namba, ili wajumbe wako wakija wasipotee. Mhandisi aliporudi na kamba yake alivifuata vigingi vyangu kwa uaminifu mkubwa, akapima kwa muda wa saa mbili kamili. Leo ramani iliyobandikwa kwenye ubao wa baraza inaonyesha barabara ya lami yenye upana wa mita sita, ikitoka barabara kuu, ikizunguka ghala, na kukomea ndani ya banda la kuku la mshona nguo. Mshona nguo hajakata rufaa. Ameanza kuuza kuku na kuulizia bei ya pampu ya petroli. Mke wangu aliisoma ramani ile kwa muda mrefu, kisha akanisoma mimi. Nikamwambia wahandisi wa siku hizi wameshuka sana kiwango.

6. Jumamosi iliyopita majirani, wakiongozwa na mtu ninayelala naye kitanda kimoja, walilifukia Meza Tairi kwa kokoto, mchana kweupe, wakiimba. Naomba uwaandikie onyo kali.

7. Mwisho ni kuhusu shemeji mwenyewe. Nina kila sababu ya kuamini kwamba ana mtu wake ndani ya ofisi yenu, kwa kuwa hakuna anayeweza kujua kila kilomita ya mkoa wake namna ile bila kulipwa. Ili nisionekane mwenye chuki, nilimwalika aje aujaribu mteremko wetu tumalize ubishi kwa haki. Alikuja na kofia ngumu, glavu, na miwani inayomfanya aonekane nzi. Aliipandisha baiskeli kwa kuisukuma. Aliishusha akiwa ameibeba begani. Nilimsubiri hapa chini na maji ya kunywa, nikamwomba tathmini yake kama msomi, akasema hiyo si njia, hiyo ni ajali iliyolala ikingoja watu. Sijawahi kusikia sifa kubwa kuliko hiyo. Naomba muichapishe kwenye jalada, pamoja na cheo chake shuleni.

Kwa kuzingatia yote hayo, ninaomba orodha ile ifutwe, mkoa wetu uwekwe wa kwanza, na nakala yenye muhuri ipelekwe kwa baraza kabla greda halijawasha injini. Kama nafasi ya kwanza imeshaahidiwa watu, nitapokea ya pili, mradi ng'ambo ya bonde washushwe hadi ya nne. Ya tatu wasiipate. Shemeji atasema ni medali.

Nisikuchoshe zaidi, maana kuna mtu amesimama mlangoni na pedali mkononi. Wasalimie wajumbe, mpiga picha wenu, na hasa yule anayeandika namba pembeni mwa majina ya mikoa. Mwambie simchukii yeye, nachukia mkono wake. Mke wangu angekusalimu, lakini hajui kwamba ninaandika. Kwa shemeji sitoi salamu, ninyi mnaonana naye.

Ni mimi msomaji wako ninayeazima gazeti, mwenye uchungu na mteremko wake,

Fundi wa Chini

Baada ya sahihi: Barua hii ilikuwa bado mezani inangoja stempu, leo saa nne asubuhi, nilipoitwa kwa kelele kutoka juu. Mke wangu ameanguka. Kuna mama alishikwa na uchungu njiani akashindwa kuendelea, na mke wangu alikuwa anateremka kumfuata. Hakuangukia Kata Cheni wala Pinda Rimu. Ameangukia mahali ambapo hatujawahi kupapa jina, kwenye changarawe ya kawaida tu. Mkono umevunjika pawili. Yule mama amejifungulia pale pale kando ya njia, mke wangu akiwa amekaa chini anamwelekeza jirani cha kufanya, mkono mmoja ukining'inia. Mtoto ni wa kike na ni mzima. Mama na mtoto walipandishwa kwa machela, na machela ilikuwa moja, kwa hiyo mimi nilimbeba mke wangu mgongoni.

Lazima nikueleze kitu, Ndugu Mhariri. Mimi sijui kuendesha baiskeli, na kwa miaka yote hii kumi na tisa sikuwahi kuivuka ile kona ya kwanza. Yote niliyokuandikia kuhusu kule juu niliyajua kwa kuangalia vyuma vilivyoletwa kwangu. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kufika zahanati. Ni mbali. Nilisimama mara saba, na kila niliposimama niliona jiwe jingine ambalo yeye hulipita kila asubuhi, kisha jioni analipita tena arudi kupika na kunisikiliza mimi. Hakunilaumu kwa lolote. Njia nzima aliongea mara moja tu, akaniuliza kama nimechoka. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa naona aibu mpaka machozi yananitoka, nikamjibu bado.

Baraza nimeshapita, mhandisi anakuja kesho na vigingi vipya. Barua nakutumia hivyo hivyo ilivyo, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa mpaka leo asubuhi. Lakini kwenye orodha yenu, tafadhali, msituweke. Hata nafasi ya kumi tusiipate.