Mashine Yangu Nyeupe na Maadui Wake

Jumatatu, 5 Machi 2001
Hasira tupu. Mashine yangu ya michezo iko nyeupe, mpya, picha zinang'aa mpaka unaona jasho la mchezaji. Ya Gaspard, jirani yangu, ni ile kijivu ambayo kila mtu anayo. Imezeeka, kifuniko kimefungwa kwa lastiki. Na watu wamejaa kwake! Mchezo ni uleule, Mupira Moto! Nimemuuliza Irankunda, mwalimu mzima wa hesabu, kwa nini ananikimbia. Akasema mechi zake zote zimehifadhiwa kwenye kadi, na kadi haiingie kwangu. Tena binamu yake wa Lubarika iko na kijivu, wanaazimana diski. Upuuzi! Kizuri chajiuza.

Tantine Agnès, dada ya baba, ndiye mwenye chumba ninamochezesha watu kwa pesa. Amesema kisipojaa kufika Jumapili, ataweka humo mihogo yake. Mihogo!

Jumanne, 6 Machi
Dawa imepatikana. Mupira Moto ya tatu imetoka! Watu hawafuati mashine, wanafuata mchezo. Nimemutuma Candide, anayepeleka samaki wa ndagala Bujumbura, aniletee kabla Gaspard hajasikia. Nimempa saa ya marehemu baba akabadilishane nayo. Baba atanielewa.

Alhamisi, 8 Machi
Aibu! Diski imefika. Nimeiweka mbele ya watu kumi na saba. Mashine ikakoroma, ikaandika kwamba haiitambui. Nikamfokea Candide. Naye akanifokea zaidi: amezunguka soko lote la Bujumbura, na ya tatu iko ya kijivu tu. Wenye kuitengeneza hawawezi kujisumbua kwa ajili ya mashine ya muntu mmoja. Muntu mmoja! Wakacheka wote. Nilipogeuka kutafuta fimbo, diski na watu walikuwa wameshafika kwa Gaspard. Mwalimu ndiye aliyeibeba.

Jumamosi, 10 Machi
Jana mchana risasi zililia upande wa Kavimvira, kisha askari wakapora barabara yetu nzima. Kwa Gaspard walibeba kijivu, diski zote, hata lastiki. Halafu wakaingia kwangu. Nikanyoosha mikono juu. Mkubwa wao akauliza kama niko na Mupira Moto ya tatu. Nikasema ya kwanza tu. Akaigeuza mashine yangu huku na huku, akaipangusa vumbi, akairudisha mezani. Akaniambia pole.

Pole! Wamechukua sufuria ya Tantine yenye tundu, wakaacha mashine! Nimetukanwa na wenye bunduki, na sina pa kushtaki.

Lakini Gaspard amekwisha. Kesho watakuja wote kwangu. Wataenda wapi?

Jumapili, 11 Machi
Asubuhi nimefagia, nimepanga mabenchi, nimewasha jenereta. Hakuna aliyekuja. Nimekwenda kuwatafuta, nikawakuta uani kwa Gaspard, kadi mifukoni, wanachanga likelemba ya kununua kijivu nyingine. Na Tantine Agnès ametoa mchango! Damu ya baba yangu! Nikamuuliza kama yeye bado ni wa ukoo wetu. Akasema bila kunitazama kwamba kijana anayesubiri zamu yake ya kucheza hafuati wenye bunduki mulimani, na kwa Gaspard ndiko wanakosubiri. Nikapiga kelele zaidi.

Saa tisa mihogo ilikuwa ndani. Mashine imehamia chini ya kitanda changu. Nimelia kidogo, kwa hasira tu.

Jumatano, 14 Machi
Mungu hamtupi mja wake! Bandarini Kalundu nimekutana na mfanyabiashara mmoja mwenye mashine nyekundu. Nyekundu kama pilipili! Ina diski moja, na maandishi yake hata yeye hawezi kuyasoma. Nimemuuliza mara tatu kama kuna mwingine mwenye nayo. Ameapa kwa mama yake: si Bujumbura, si Kigoma, popote ziwa linapofika. Nimempa nyeupe, nikaongeza na baiskeli.

Nimerudi kwa miguu nikiimba. Gaspard atafanya nini sasa? Aende akaitafute yake! Hataipata.