Kamusi Lazima Akae Kabla ya Jumamosi

Jumapili, 2 Juni

Hukumu imetoka leo saa nne asubuhi, chumba cha mbele, kando ya cherehani. Kamusi, mbwa wangu, amekula futi ya Mama ya kupimia nguo. Si yote. Alianzia mwanzo akaishia sentimita ya arobaini. Sasa Mama akipima kiuno cha mtu lazima atoe arobaini, na anasema hakusomea ushonaji ili aje kufanya mtihani wa hesabu mbele ya wateja.

Nakiri si mara ya kwanza. Mwezi uliopita alitafuna mkono wa sare ya kwaya. Wiki iliyopita alimrukia mteja aliyekuwa nusu ndani ya gauni, nusu nje. Mteja hakurudi. Gauni bado linaning'inia dirishani na kunitazama.

Kwa hiyo: Jumamosi saa sita mchana anakuja Hakimu kujaribu joho lake jipya. Hakimu hasa, wa mahakamani. Kamusi akitulia mpaka Hakimu aondoke, atabaki nyumbani. Akimgusa hata kwa ncha ya pua, Mjomba atampakia kwenye lori palepale na kwenda kumfunga mnyororo getini, kwenye yadi yake ya mawe. Mjomba anasema mbwa wa yadini hahitaji jina la kisomi. Nimejibu kwamba ni jina zuri. Hakunisikia. Huwa hakuna anayenisikia.

Kamusi nilimwokota nyuma ya maktaba ya shule, akiwa mdogo kuliko kitabu nilichokuwa nimeshika. Ni kiumbe pekee ninayeongea naye bila kufanya mazoezi kwanza. Mnyororo? Hapana. Hapana kabisa!

Nimepata kozi mtandaoni. Mbwa Mtiifu kwa Siku Tano. Ya bure. Inaanza kesho saa kumi na moja jioni na kwisha Ijumaa. Nimesoma maelezo yote mara mbili na kupigia mstari.

Jumatatu, 3 Juni

Darasa liko kwenye simu ya zamani ya Mama, ile yenye ufa kwenye kioo. Wanafunzi kumi na wanne, kila mmoja na mbwa wake kwenye kidirisha chake. Mwalimu tunamwita Kocha. Mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Anasema amri itoke tumboni, isitoke puani.

Kisha balaa. Kidirisha cha tatu kutoka juu: Kiranja wa darasa letu! Yule anayeandika majina ya wapiga kelele. (Langu hajawahi kuliandika. Sijui nifurahi au niumie.) Ana mbwa mwenye kifua kama mlango.

Nikaizima kamera kabla hajainua macho. Kocha akauliza aliyejificha ni nani. Vidole vikaandika vyenyewe: "Mzee mstaafu. Macho yangu hayapendi mwanga."

Kocha akasema shikamoo, mzee. Wengine wote wakafuata, Kiranja akiwa wa kwanza, tena kwa adabu ambayo walimu wetu wangelipa kuiona. Nikaandika: "Marahaba."

Sijawahi kuitikia marahaba maishani mwangu. Tamu sana.

Jumanne, 4 Juni

Nimesema "kaa" mara arobaini na sita. Kamusi amekaa mara mbili, na zote alikuwa amechoka. Mama, bila kuinua uso kutoka kwenye cherehani, ameuliza kama nilikuwa nasali.

Mjomba amepita. Kisingizio: chai. Lengo: shingo ya Kamusi. Amekata uzi kwenye kibiringo cha Mama, akauzungusha shingoni mwa mbwa wangu, akafunga fundo mahali ulipokutana, akautia mfukoni. Kamusi akamlamba mkono! Nilitaka kusema neno. Neno lilifika kooni, likageuka likarudi. Mjomba akacheka, akasema mjomba wangu wee, sauti hiyo hata sisimizi atadhani ni upepo.

Siku nne zimebaki.

Jioni Kocha alipiga "Kaa!" moja kumwonyesha mtu mfano, na Kamusi, aliyekuwa anatafuna zulia, akakaa wima kama mwanajeshi. Nikamtazama yeye. Nikaitazama simu. Nikapata wazo.

Kwa nini nihangaike na sauti yangu wakati kuna sauti nzuri tayari?

Jumatano, 5 Juni

Ushindi! Nimerekodi amri za Kocha na kuzipanga kwenye simu: Kaa, Subiri, Njoo, na mwisho Vizuri sana. Nabonyeza, Kamusi anatii. Mara kumi na tisa kati ya ishirini. Ile ya ishirini kulikuwa na panzi.

Jioni kasoro ndogo. Darasani Kocha alikuwa anampima kila mbwa kwa zamu, na Kamusi akatii amri za mbwa wote. Alikaa kwa niaba ya mbwa kumi na watatu. Akalala kwa niaba yao, akainuka kwa niaba yao. Ilipofika zamu ya mbwa wa Kiranja na Kocha akasema "Njoo!", Kamusi aliiparamia simu kwa miguu yote miwili ya mbele na kufungua kamera. Sekunde tatu nzima! Bahati, walichoona ni dari.

Kocha amenisifu kwamba mzee ana dari safi.

Alhamisi, 6 Juni

Kiranja amemwandikia Mzee pembeni, wengine wasione. Anaomba ushauri kwa heshima na taadhima: mbwa wake anaogopa ufagio. Nimemjibu aya nne zenye vichwa vya habari. Amesema ahsante sana mzee wangu, laiti vijana wa siku hizi wangekuwa na subira kama yako.

Asubuhi hiyohiyo, mlangoni mwa darasa, alikuwa ameniambia nisogee, nimesimama kama kabati.

Habari mbaya imekuja mwisho wa somo. Kesho ni mtihani. Kamera wazi kwa wote, wazee wakiwemo. Anayefaulu anapewa cheti. Cheti nakihitaji: nataka nikiweke mezani kesho kutwa, kati ya Mjomba na Kamusi.

Nimelitoa koti la marehemu Babu kabatini. Na kofia. Linanukia dawa ya nondo na linanifika magotini.

Ijumaa, 7 Juni

Niandike haraka kabla sijabadilisha nia na kuchana ukurasa.

Mpango ulikuwa huu: nikae nimeipa kamera mgongo, koti na kofia vionekane, mbwa aonekane mbele yangu. Mkono mmoja nimeupitisha nyuma, chini ya kamera, kidole juu ya kioo cha simu hiyohiyo. Shikamoo zikamiminika. Nikatikisa kofia.

Kocha akasema mzee atoe amri. Nikabonyeza. "Kaa!" Kamusi akakaa. Vizuri mno! Kocha akasema ajabu, mzee ana sauti kama yake. Nikatikisa kofia tena. Akasema mzee arudie, tafadhali. Nikabonyeza. Akasema hiyo si kama sauti yake. Hiyo ni sauti yake. Mzee ageuke basi waonane.

Sikugeuka. Jasho lilikuwa linatiririka ndani ya koti la Babu. Kocha akasema, kwa upole, njoo karibu na kamera, mzee wangu.

Njoo! Mzee hakuja. Kamusi alikuja. Alipita juu ya bega langu, kofia ikaruka, mimi nikageuka kuidaka, na tukatokea wote wawili kwenye simu, mashavu yamebanana.

Nilitamani sakafu ipasuke. Kiranja alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Kisha akasema polepole: "Marahaba?"

Hakuna cheti. Kocha hakukasirika, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Amesema mbwa amefunzwa vizuri sana, tatizo ni kwamba sasa ni mbwa wake, si wangu. Akanishauri usiku wa leo niziache rekodi, niongee na mbwa kwa mdomo wangu.

Nimefikiria ushauri huo. Muda hautoshi. Rekodi zinafanya kazi.

Jumamosi, 8 Juni

Mjomba alifika saa tano na nusu. Akauweka mnyororo mezani kando ya kikombe. Kila alipokunywa chai ulilia kidogo. Kamusi akaunusa akatikisa mkia, akidhani ni zawadi.

Nilikuwa nimeificha simu ndani ya droo ya vifungo, sauti juu kabisa, nikaacha upenyo wa kidole. Saa sita kamili, mlango. Hakimu. Mrefu, miwani, mkoba mweusi. Nikamwamkia, akauliza kama nimesema kitu. Mama akamvika joho, akamsimamisha mbele ya kioo, akapiga magoti na pini mdomoni kulipima pindo.

Nikapitisha mkono nyuma yangu, nikabonyeza.

"Kaa!" ikasema droo. Kamusi akakaa. Hakimu akauliza nani ameongea. Nikasema redio. "Subiri!" ikasema droo. Hakimu akasema redio yetu ina vipindi vifupi. Mama alinitupia jicho ambalo nitalikumbuka.

Basi. Kimya. Kamusi jiwe! Dakika moja. Mbili. Mjomba alianza kuukunja mnyororo kwa huzuni. Hakimu akaomba kusogea penye mwanga, Mama akamfuata kwa magoti, nami nikasukumwa mpaka mlangoni. Sasa Hakimu alikuwa amesimama mbele ya droo, na joho lake limeifunika.

Ndipo nilipokumbuka. Simu ile hucheza rekodi moja baada ya nyingine, kama nyimbo. Subiri ni ya dakika sita, maana Kocha alitamka neno moja kisha akatunyamazia, nami sikukata. Baada ya Subiri inakuja Njoo.

Nikatazama saa ya ukutani. Zimebaki sekunde hamsini.

Ilitosha kusema "samahani, Mheshimiwa, naomba kupita." Maneno manne na mikato miwili. Niliyasema. Ndani. Sekunde arobaini. Nikafungua mdomo, ikatoka hewa. Ishirini. Kamusi alikuwa ananitazama mimi, kwa imani kamili, pua imetulia. Kumi. Mjomba akaniuliza mbona nimekuwa rangi ya chaki.

"Njoo!" ikasema droo.

Akaja. Kati yake na droo kulikuwa na Hakimu, kwa hiyo alipita kwa Hakimu. Meno yakashika pindo la joho na pini zake. Mama akapiga ukelele uliobanwa na pini. Hakimu akayumba. Mjomba akainuka, mnyororo mkononi, akamfikia Kamusi shingoni.

Na mimi, sijui kutoka wapi, labda ni huko tumboni:

"KAA!"

Kioo kilitetemeka. Hakimu akakaa, kwenye kiti cha cherehani, mtu ambaye ukumbi mzima husimama akiingia! Mama akakaa sakafuni. Mjomba akakaa, akakuta pini, wala hakuthubutu kuinuka. Kamusi aliachia joho, akakaa, akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza tunajuana.

"Vizuri sana!" ikasema droo.

Hakimu aliuliza ile sauti kubwa ilikuwa ya nani. Mama akaninyooshea kidole, huku yeye mwenyewe haamini. Hakimu akavua miwani, akaifuta, akasema amekaa mahakamani miaka kumi na minane na hajawahi kunyamazishwa namna ile. Joho lina matundu mawili chini. Akasema lifupishwe vidole viwili, hayataonekana, na asingependa kusikia habari za mnyororo huo tena. Atalifuata Jumanne.

Mama alimwambia Mjomba amalize chai yake aende na chuma chake. Mjomba aliondoka akitembea upande. Mlangoni alinigonga bega, akaniita mjomba, kwa mara ya kwanza bila kucheka.

Kamusi anabaki. Anabaki!

Jumapili, 9 Juni

Mama ametoa sharti moja. Kila mteja akija, mimi nisimame mlangoni na kumwamuru Kamusi mwenyewe, kwa sauti ileile ya jana. Simu ameifungia kabatini. Anasema nimeona sasa kwamba sauti ninayo, kilichokuwa kinakosekana ni kuitoa.

Nimeelewa kabisa. Nimekubali kwa kichwa.

Tatizo ni Jumanne. Hakimu anarudi, na nimewaza tangu asubuhi jinsi atakavyosimama pale akisubiri nipige kelele. Nikashindwa kumaliza uji. Kisha nikapata wazo. Mtu aliyepiga kelele kama zile Jumamosi ana haki ya kukaukiwa na sauti. Nimeanza kukohoa leo saa nane mchana, ili Jumanne isionekane ghafla. Mama amenipa maji ya moto na chumvi nisukutue. Anaamini. Nimekohoa mara thelathini na moja.

Jioni nimegundua jambo. Nikikohoa, Kamusi anakaa. Sijamfundisha, amejifundisha. Nikikohoa tena, anaruka kifuani kwa mtu aliye karibu. Mama amethibitisha, akiwa na sinia la vikombe.

Hakuna shida. Jumanne nitakohoa mara moja tu.