Pedali Inayofunga Breki Bila Kutumwa

Kwako Mkuu wa Kitengo cha Malalamiko,
Kampuni ya Usukani na Pedali za Michezo ya Runinga.

YAH: BREKI KUJIFUNGA YENYEWE NA HESHIMA YANGU KUSHUKA

Ndugu Mkuu,

Natumaini u mzima wa afya, na kama huwa unaendesha gari kwenda kazini, natumaini linakutii. Langu la kwenye runinga halinitii, na hilo ndilo lililonikalisha hapa mezani na kalamu mkononi.

Mimi ni mwalimu wa udereva mstaafu. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyegonga kitu nikiwa pembeni yake, ukiacha pipa moja la taka ambalo, tuseme haki, lilikuwa limewekwa vibaya. Wanafunzi waliniita Mwalimu Taratibu. Mbele yangu kwa heshima, nyuma yangu sijui. Nilipostaafu, chuo kiliniuzia gari nililokuwa nikifundishia, lile lenye breki mbili, moja miguuni kwa dereva na nyingine miguuni kwa mwalimu. Ndilo gari letu la nyumbani mpaka leo. Watu kadhaa wamenishauri niing'oe hiyo breki ya pili. Sioni sababu.

Sasa nikueleze kisa chenyewe. Binti yangu ni mkunga. Ana miaka thelathini na minne, leseni anayo mwaka wa sita huu, na amepokea watoto wa watu kwa mamia bila kumwangusha hata mmoja. Lakini mtoto mchanga hana gia. Kila binti yangu anapoendesha, nami nimekaa kiti cha pembeni, gari husimama ghafla: kwenye kona, kwenye mteremko, wakati mwingine barabarani peupe pasipo hata kuku. Nimemwambia mara nyingi kwamba anafunga breki ovyo. Yeye anaapa hakugusa. Mtu anayefunga breki bila mwenyewe kujua ni hatari kwake na kwa wenzake, ndiyo maana sijawahi kumwacha aendeshe peke yake.

Mwezi uliopita akahamishiwa zahanati ya mlimani, ambako basi hufika mara moja kwa siku, tena likijisikia. Akaomba gari. Nikamkatalia kwa upole. Basi akaenda kununua mashine yenu, usukani na pedali zake, akaifunga kwenye meza ya sebuleni na kuniambia tushindane mbio tano. Akinishinda tatu, gari analichukua peke yake, na siku nikitaka kusafiri naye nitakaa kiti cha nyuma, mdomo nimeufunga. Nilicheka sana. Mwalimu ashindwe na mwanafunzi wake? Nikatia sahihi. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, akatia sahihi kama shahidi, tena upesi kuliko nilivyopenda.

Ndugu Mkuu, mbio mbili nimeshapoteza. Za tatu ni Jumapili hii. Nikishindwa, mwanangu ataondoka peke yake kwenye ile barabara ya mlima yenye kona kumi na saba, na nimezihesabu mwenyewe. Usingizi siupati. Kwa hiyo nakuandikia kwa haraka, nami si mtu wa haraka.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Breki inajifunga yenyewe. Njia ikiwa imenyooka, gari langu linakwenda vizuri tu. Nikikaribia kona, linapunguza mwendo kana kwamba limemwona askari wa barabarani. Kila mtu ananipita, hata wale wanaoendeshwa na mashine yenyewe, ambao nimeambiwa wamewekwa kwenye kiwango cha watoto. Mbio za kwanza nilikuwa wa ishirini kati ya ishirini. Mbio za pili wawili walipinduka njiani. Walijiinua, wakajipangusa, wakanipita.

2. Usukani unavuta pembeni. Naushika kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili, kwa taratibu za kazi yangu, hukaa huru kwa ajili ya dharura. Na bado gari linakwenda ukingoni, linalamba majani. Nimekaza skrubu zote. Nimepima meza kwa pimamaji, na meza imenyooka kuliko watu wengi ninaowafahamu.

3. Mhudumu wenu wa simu. Simlaumu, ana sauti nzuri na malezi. Lakini ushauri wake, mh. Aliniambia nichomoe waya kisha niuchomeke tena. Nikafanya. Akaniambia nibadilishe tundu. Nikabadilisha matundu yote, na moja likazima runinga. Akaniambia niweke sasisho la programu. Nikasubiri saa nzima, mashine ikaniambia pongezi, na breki ikaendelea kujifunga. Mwisho akataka tuisawazishe. Akanielekeza nifungue ukurasa wenye mistari miwili, mmoja wa mafuta na mmoja wa breki, nisikanyage chochote, nimweleze ninachokiona. Nikamweleza kwamba mstari wa breki umepanda hadi robo. Akaniuliza kama kuna kitu chochote kimeilalia pedali. Nikamjibu ukweli, kwamba hakuna kitu kabisa, ni mguu wangu tu. Kisha akaniomba nisubiri kwenye laini, na muziki wenu si mbaya, lakini ni uleule.

Najua wapo watu, wengine ninakula nao meza moja, watakaosema mchagua jembe si mkulima. Aliyetunga methali hiyo hakupewa jembe linalolima shamba la jirani.

4. Mashine ina ubaguzi. Hili nimelithibitisha kitaalamu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, kwa hiyo niliposhindwa mara ya pili nilianza kuwachunguza watu wa humu ndani. Nilimkalisha mke wangu kwenye mashine. Hajawahi kuendesha hata toroli. Alivua viatu, akaweka mguu mmoja juu ya pedali ya mafuta kama anavyofanya kwenye cherehani yake, mwingine akauficha chini ya kiti, akazunguka mizunguko mitatu bila breki kujifunga hata mara moja. Alimaliza wa tisa, na njiani alikuwa akinisimulia habari za harusi ya mteja wake. Binti yangu naye akikaa hapo, breki haijifungi. Nikarudi mimi kitini, kona ya kwanza tu, breki! Ndugu Mkuu, mimi si mtu wa kushuku ovyo, lakini pedali inayowajua watu kwa nyayo zao haikutengenezwa kwa nia njema. Nauliza kwa adabu: kiwandani kwenu kuna mtu yeyote aliyewahi kufeli mtihani wa udereva mikononi mwangu? Nilifelisha wengi. Nitaelewa.

5. Kuvunjiwa heshima nyumbani. Siku hizi mke wangu akipita sebuleni kuchukua uzi, huniuliza kama nimeshafika.

6. Ubaya huu unaambukiza. Fikiri na mimi. Binti yangu alinunua mashine hii mwezi uliopita tu, lakini ugonjwa wenyewe, wa breki kujifunga kwenye kona, yeye alikuwa nao miaka sita kabla. Ama ameuleta yeye kwenye mashine yenu, na hapo mna haki ya kunidai maelezo, ama kuna hitilafu kubwa katika breki zote za dunia ambayo wataalamu mmeamua kutuficha. Sitaki kumsingizia mwanangu. Kwa hiyo nimechagua hiyo ya pili.

Kwa kuzingatia hayo, naomba mambo machache. Kwanza, mniletee mashine nyingine, yenye breki inayosubiri kuagizwa. Pili, mniandikie barua yenye muhuri inayotamka kwamba mbio zile mbili ni batili, ili niibandike kwenye friji juu ya ile karatasi ya makubaliano. Tatu, Jumapili mlete mwakilishi wenu akae sebuleni kama mwamuzi. Kiti kipo, na mke wangu atamshonea kifungo akitaka. Nne, ikiwa hayo hayawezekani kabla ya Jumapili, mwandikieni mwajiri wa binti yangu kwamba kutokana na hitilafu ya kifaa chenu zahanati ya mlimani ihamishiwe bondeni kwa muda, mpaka matengenezo yakamilike. Wajawazito wa kule wataelewa, wao ndio wanaojua kusubiri.

Nakutakia kazi njema na vioo safi. Nisalimie mhudumu wa simu, umwambie bado nipo kwenye laini. Nisalimie mafundi wa kiwandani, hata yule niliyemfelisha, kama yupo. Salamu pia kwa mlinzi wa getini, kwa dereva anayesambaza mizigo yenu (aangalie tairi zake), na kwa familia yako yote, wakubwa kwa wadogo. Mke wangu anawasalimu. Binti yangu hajui kwamba naandika.

Wako katika usalama wa barabarani,

Mwalimu wa Udereva (mstaafu)

Nyongeza:

Barua ilikuwa tayari kuingia kwenye bahasha nilipoona kwamba malalamiko bila ushahidi ni maneno matupu. Jumamosi mchana nikamwomba mke wangu arekodi pedali kwa simu yake, ili muone wenyewe zinavyojifunga. Akarekodi mizunguko mitatu, kisha tukakaa kwenye kochi sote watatu kuangalia.

Ni mguu wangu wa kushoto. Kila kona, bila kukosa hata moja, unanyanyuka, unakanyaga breki, unarudi mahali pake. Mimi hapo juu nimetulia, sina habari. Mwishoni mwa video ni zamu ya binti yangu kuendesha, nami nimekaa kando, na mguu unakanyaga zulia.

Hakuna aliyecheka, na ningefurahi kama wangecheka. Nilikuwa nakumbuka ile breki ya pili kwenye gari letu, na jinsi mwanangu alivyokuwa akiapa. Miaka sita nimemsema kwa breki za mguu wangu mwenyewe. Nikamwomba radhi. Akasema amejua tangu mwaka wa kwanza, na aliniambia wee mpaka akachoka, ndipo akatafuta mashine hii, gari lisilo na kiti cha pembeni, ambamo ningekuwa peke yangu na sina wa kumsingizia.

Jumapili hatukushindana. Asubuhi fundi alikuja kung'oa ile pedali ya pili garini, nami nikamshikia tochi.

Mashine yenu ni nzima, Ndugu Mkuu, na zahanati iachwe ilipo. Barua nimeamua kuituma hivyo hivyo, maana mwalimu hachani karatasi ya mtihani, hata kama aliyefeli ni yeye. Leo ni Jumatatu, nakuandikia haya nikiwa kiti cha nyuma, tunapanda mlima. Kona tisa zimeshapita. Mguu wangu unakanyaga mkeka kwa nguvu zake zote, na gari linakwenda tu. Mwandiko ukiuona umepinda hapa na pale, ni barabara. Dereva hana kosa lolote.