Mazishi Yangu Yamo Kwenye Kompyuta

Jumatatu, 8 Juni 1998. Singida.

Habari mbaya kabla ya chai. Mama Luciana, meneja wa mradi wetu wa visima, amepiga simu kutoka Dodoma. Anakuja Ijumaa. Wafadhili wanapunguza watu. Maofisa wa vijijini tuko wawili, mimi na Alphonce, na mwezi ujao atabaki mmoja. Ataamua baada ya kuangalia kazi zetu kwenye kompyuta.

Naogopa. Nilishapunguzwa mara moja, kule shirikani nilikofanya kazi zamani. Walinishika mkono, wakanipa saa ya ukutani. Ipo sebuleni, haiendi. Sitaki saa nyingine.

Alphonce, ambaye hiyo kompyuta anaijua kuliko anavyomjua mkewe, akanionyesha programu. Kazi zote za mradi zimo humo: jina la kazi, kijiji, mhusika, tarehe ya mwisho, na kama imekamilika au bado. Zamani tulikuwa tunapekua mafaili kutwa nzima. Sasa kuna kisanduku kidogo juu ya kioo, unaandika unachotafuta, unabonyeza, basi. Kwa mfano, akasema, tuandike Peniel. Sipendi kuwa mfano. Kufumba na kufumbua, nikajiona: Uzio wa kisima, Mungaa. Mhusika: Peniel. Haijakamilika.

Aliendelea kueleza kwamba unaweza kutafuta hata kwa kijiji, hata kwa tarehe. Sikusikia tena. Macho yalikuwa kwenye lile neno, haijakamilika.

Ukweli ni huu, na nauandika hapa tu. Mama Luciana nilimwambia uzio wa Mungaa uko hatua za mwisho. Haujaanza. Ulitakiwa kuzuia mifugo isiharibu pampu, na mfugo wenyewe ni dume la ng'ombe la Mzee Alute wa palepale kijijini. Mara ya mwisho lilinifukuza mpaka nikaacha kiatu. Sijarudi kukichukua.

Jumanne, 9 Juni.

Nimepata dawa. Rahisi mno, nashangaa watu wanasomea vyuoni.

Alphonce alipotoka kwenda kula, nikakaa kwenye kiti chake. Nikaandika jina langu kwenye kisanduku. Uzio ukaja. Nikafuta Peniel penye mhusika, nikaandika Alphonce. Nikatafuta tena jina langu. Hakuna kitu! Safi kama sahani ya msikitini siku ya Idi.

Nyumbani nilimwambia mke wangu, Dina, asiwe na wasiwasi tena. Dina akauliza uzio umejengwa lini. Wanawake wanapenda maswali ya pembeni.

Jumatano, 10 Juni.

Sikujua kwamba Alphonce kila asubuhi, kabla hajavua hata koti, hutafuta jina lake mwenyewe aone kazi zake za siku. Akakuta ana uzio Mungaa. Hakugombana. Alicheka, na hilo ndilo lililonitia hofu. Yeye ni Mnyamwezi, mimi Mgogo wa Kilimatinde. Ni mtani wangu tangu siku ya kwanza kazini, na mtani akicheka peke yake ujue kuna jambo.

Mchana nikarudi kwenye mashine nione amefanya nini. Nikaandika jina langu. Mistari miwili. Wa kwanza, uzio, umerudi kwangu. Wa pili, nanakili kama ulivyo:

Mazishi ya Peniel. Mhusika: Alphonce. Tarehe ya mwisho: Alhamisi, 11 Juni.

Kesho!

 Alphonce aliporudi nikamuuliza, kwa mbali tu, kesho ana ratiba gani. Akajibu bila kuinua macho kwamba ana shimo la kusimamia.

Dina anasema ni utani wa kawaida, Mnyamwezi kumwahidi Mgogo kaburi ni sawa na kumsalimia. Hanielewi. Utani ni wa mdomoni. Unasemwa, watu wanacheka, unaondoka na upepo. Kitu chenye tarehe ya mwisho na mhusika si utani, ni mpango wa kazi. Na mashine haina kabila. Ama nakufa kesho, ama ndiyo namna yao ya kuandika kwamba nimepunguzwa. Sijui nitamani lipi.

Dina akasema nimwombe tu asinizike na soksi zilizotoboka. Akageukia ukuta, akalala.

Alhamisi, 11 Juni.

Nimeamka. Dalili nzuri, lakini siku bado mbichi.

Sikupanda pikipiki. Nilikwenda ofisini kwa miguu, nikipita mbali na magari, mbali na mbwa, mbali na ukuta wa jirani ulioinama. Chai ya ofisini sikunywa. Saa nne Alphonce akaingia amebeba sururu. Ilikuwa ya shimo la choo cha shule, alisema. Nilikaa chooni mpaka alipoondoka nayo.

Halafu hofu ikanipa akili. Ikiwa nitakuwa hai kesho, Mama Luciana ataandika jina langu, na uzio utatokea peke yake mezani. Je, ukitokea umezungukwa na kazi nyingi zilizokamilika? Atachoka kusoma kabla hajaufikia. Nikaanza kuandika. Kukagua pampu, Kinyangiri, imekamilika. Kukutana na kamati ya maji, Kilimatinde, imekamilika. Kupaka pampu rangi. Kupaka rangi ya pili. Niliandika mpaka vidole vikafa ganzi, na huo ndio msiba pekee uliotokea leo.

Jua limezama. Nipo. Alphonce alipoaga alinitazama kwa masikitiko, akasema kazi nyingine bwana zinachelewa bila sababu.

Ijumaa, 12 Juni.



Mama Luciana alifika na vumbi la Dodoma. Tulimpa shikamoo, akaitikia huku anavuta kiti. Nilisimama nyuma yake nikingoja aandike jina langu. Hakuandika jina la mtu. Aliandika neno moja kwenye kisanduku: zilizochelewa.

Kazi zangu zote nzuri, kamati, rangi ya kwanza, rangi ya pili, hazikuonekana hata moja. Ofisi nzima ilibaki na mistari miwili. Alisoma wa juu, wa uzio, kimya. Wa chini alisoma kwa sauti. Mazishi ya Peniel, mhusika Alphonce, ilitakiwa jana.

Akageuza kiti, akamuuliza Alphonce kwa upole kwa nini mazishi yamechelewa.

Alphonce alisimama kama mwanafunzi wa darasa la pili. Akaeleza habari za utani, wa Wanyamwezi na Wagogo, tangu enzi za misafara. Mama Luciana alimsikiliza mpaka mwisho.

“Mimi ni Mhehe,” akasema. “Huyu ni mtani wangu kabla ya kuwa wako. Lakini simziki kwa umeme wa wafadhili.”

Nikacheka. Ndipo akaandika neno lingine, zilizokamilika, akapitisha kidole kwenye orodha, akanigeukia. Akataka kujua kisima cha Kilimatinde tulichimba lini, maana mradi hauna kisima Kilimatinde. Nilisema mama yangu anaishi kule. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Lilikuwa jibu pekee lililokuwa karibu.

Hukumu: kesho twende Mungaa wote wawili, tujenge uzio. Yeye anakwenda Iramba, anarudi Jumanne asubuhi. Akifika atatafuta tena zilizochelewa. Atakayeonekana pale na kazi yoyote, hata iwe ndogo namna gani, ndiye wa kupunguzwa.

Dina hakuniuliza kitu leo. Alikaa anaitazama ile saa ya ukutani. Ningependa aniulize.

Jumamosi, 13 Juni. Mungaa.

Tulikata miti na miiba tangu asubuhi. Mpaka saa sita sikuona pembe. Nikaanza kupiga mluzi.

Likaja. Dume lilelile. Nilipanda juu ya pampu, nikaikumbatia, nikasali kwa Kigogo. Alphonce alicheka mpaka akaangusha panga, lakini nakiri kwamba alisogea akasimama kati yangu na lile dubwana. Mzee Alute akafika taratibu, akalishika sikio. Akasema ni zee, jicho moja halioni, linafuata watu kwa sababu linapenda chumvi ya jasho. Kisha akanipa kiatu changu. Alikuwa amekihifadhi. Kuku alikuwa ametagia ndani.

Jioni uzio ukasimama. Nusu yake, sawa, zaidi ya nusu, ni kazi ya Alphonce. Nilimuuliza kwa nini anahangaika, mimi nikiondoka si yeye anabaki? Akafunga mwiba wa mwisho. Akasema nikipunguzwa nitarudi Kilimatinde, na yeye atabaki kumzika nani.

Nimeguswa. Sikumwonyesha.

Jumatatu, 15 Juni.

Leo nimeandika uzio umekamilika, na safari hii ni kweli. Alphonce amefuta mazishi yangu mbele ya macho yangu. Tukatafuta zilizochelewa. Hakuna. Kioo cheupe. Nilikitazama kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza tangu kupunguzwa kule shirikani, sikuogopa kitu.

Dina amepika kuku. Amesema labda saa ya ukutani tuipeleke kwa fundi.

Kuna jambo dogo tu la kukumbuka. Mtani akikutania usipomjibu, ataona umemkasirikia, na Alphonce sasa ni rafiki. Kwa hiyo alipotoka jioni nikarudi kwenye mashine. Nikaandika vizuri, bila pupa: Mazishi ya Alphonce. Mhusika: Peniel. Tarehe ya mwisho: leo. Atayakuta kesho asubuhi kabla hajavua koti, na atacheka mpaka aanguke. Nilikuwa nimeshahifadhi umeme ulipokatika.

Kuna wakati niliwaza kwamba Mama Luciana anaweza kufika kabla yake. Nikajicheka. Si nimeona mwenyewe Ijumaa? Yule mama hatafuti majina ya watu, anatafuta zilizochelewa, na hii ni ya leo.

Nalala bila hofu.