Kulikondesha Gari la Harusi

Jumapili, 4 Agosti

Wiki ya tano ya ndoa. Bado nikiamka namtazama kwanza nihakikishe si ndoto. Si ndoto. Anakoroma kidogo. Anakoroma vizuri mno!

Mchana tulikula kwa wakwe. Mambo shwari, mpaka kaka yake mke wangu, ambaye moyoni namwita Mjuaji, alipofuta mdomo na kuuliza gari linaendeleaje. Ni lile la milango miwili, rangi ya maziwa, lenye umri mkubwa kuliko mimi na mke wangu, ambalo baba mkwe alitupa siku ya harusi. Ndilo lililotuleta nyumbani. Mjuaji anaamini lilikuwa halali yake. Akasema kumpa shemeji gari kama lile ni sawa na kumvika mbuzi saa ya mkononi. Meza nzima ikacheka. Mke wangu hakucheka! (Alitabasamu tu.)

Nikamfuata Mjuaji uani. Nikamwambia gari hilo hilo litamtoa jasho. Jumamosi ya tarehe 17 klabu ya mbio ina shindano kwenye uwanja wa zamani wa ndege: kila gari linazunguka peke yake, mzunguko mmoja, saa ndiyo inayoamua. Tukapeana mikono. Nikimshinda, nachukua kabati lake la spana, lile jekundu lenye droo saba. Akinishinda, anachukua gari.

Tukiwa njiani kurudi mke wangu akaniambia kwamba kila akiingia humu ndani anajiona bado ana shela kichwani. Sikumtajia dau. Mtu hamharibii mkewe Jumapili.

Jumatatu, 5 Agosti

Mpango! Gari jepesi ndilo gari la mbio. Nilisoma hivyo kwenye jarida nikimsubiri daktari wa meno. Injini siwezi kuikuza, ila uzito naweza kuupunguza. Mizani ya bafuni tuliyozawadiwa itanisaidia.

Jioni, baada ya kufunga duka la viatu ninakofanya kazi, nimeng'oa kiti cha nyuma. Kilo kumi na saba! Kukitupa nje nikashindwa. Mshono wa katikati bado una vile vikaratasi vya rangi walivyoturushia harusini. Nimekiweka sebuleni, chini ya dirisha. Mke wangu akaja, akakaa, akajaribu kudunda, akasema ni kizuri kuliko kochi. Halafu akaniuliza gari limekosa nini. Nikasema linafanyiwa matengenezo ya afya. Akanibusu kwenye kipaji cha uso. Nimejisikia mwizi, lakini mwizi mwenye bahati.

Jumatano, 7 Agosti

Nimeondoa redio, zulia, kasha la majivu, taa zote, na nguo za ndani za milango. Jumla mpaka sasa kilo hamsini na tatu. Sebule imejaa. Redio iko juu ya kabati la vyombo na haina waya, lakini mke wangu anapopita anazungusha kitufe na kuimba mwenyewe. Nani mwingine ana mke wa namna hii?

Leo amerudi mapema kutoka kazini. Yeye anaendesha gari la mikate: anaondoka alfajiri na mikate mia nne na anaimaliza kabla ya saa nne. Anasema mwajiri wake hapendi mkate uliobonyea, kwa hiyo amejifunza kupita kona bila mkate kujua kama kulikuwa na kona. Nikamwambia inapendeza sana, mpenzi, hebu nishikie tochi.

Alinipikia. Nikaongeza. Akafurahi nilivyoongeza, nikaongeza tena.

Ijumaa, 9 Agosti

Kabureta juu ya meza ya chakula. Mke wangu aliitandikia kitambaa cheupe bila kuambiwa! Nimeisafisha kwa mswaki. Vipande kumi na tisa vilitoka, kumi na nane vikarudi. Kile cha kumi na tisa nimekihifadhi kwenye kikombe. Gari linawaka bila hicho, tena linawaka kwa hasira, hivyo bila shaka kilikuwa cha mapambo.

Kisha nikakata ekzosi, bomba la moshi, ili injini ipumue. Ikapumua. Ilipumulia kamba ya nguo. Mashuka yetu ya harusi yamekuwa na rangi ya paka. Jirani alitoa kichwa juu ya ukuta akauliza kama kuna mtu amekufa au ndiyo anakufa sasa hivi. Mke wangu akamjibu, Usijali dada, ni mume wangu tu. Ni mume wangu! Amesema mbele ya jirani! Nimeyafua mashuka mara tatu nikiimba.

Jumapili, 11 Agosti

Sheria za klabu: gari lisilo na kizimba cha chuma ndani, kumlinda dereva likipinduka, haliingii uwanjani. Mafundi wa vizimba wako mbali. Nimempata fundi wa mageti na nondo za madirisha, wa mtaa wa pili. Akaliangalia gari, akazunguka mara mbili, akasema, Bosi, hili kwangu ni dirisha lenye matairi.

Ametengeneza. Bomba imara, kweli kabisa. Mbili zinakatiza kila mlango, dereva anapita katikati yake. Juu ya kioo cha mbele ameongeza maua mawili ya chuma. Nimemwambia maua yana uzito. Akasema hajawahi kutoa kazi isiyo na maua, na hataanza leo kwa ajili yangu.

Alihitaji dereva akae ndani ili apime nafasi ya kiti, ya bomba na ya pedali. Mimi nilikuwa chini ya gari nimeshika boliti. Zaidi ya hapo, mke wangu alikuwa amevaa lile gauni la njano. Nikamwomba akae yeye. Alishika usukani kwa mikono miwili, akakunja uso kama bingwa. Nilitoka uvunguni ili nimtazame tu. Fundi akachora alama zake, akachomelea kila kitu kilipo, kiti kikiwemo. Mchana mzuri kuliko yote ya Agosti.

Jumanne, 13 Agosti

Mjuaji alipita, eti anamsalimia dada yake. Macho yote uani. Akasema, Shemeji, hiki ni kizimba cha mbio au ni dirisha la zahanati? Nikaona niwe mjanja. Nikashusha mabega, nikamwambia injini imekufa, nimekata tamaa, na asimwambie mtu. Lengo: abweteke, asilishughulikie gari lake.

Hakubweteka. Alikwenda moja kwa moja kwa baba mkwe. Saa moja baadaye simu ikalia. Baba mkwe, mtu asiyepiga simu hata akiugua, alitaka kujua gari lake limepatwa na nini. Nikasema, Baba, hilo gari ni zima kuliko mimi. Akasema vizuri, basi Jumamosi atakuja uwanjani alione mwenyewe, na atakuja na mama.

Mke wangu akauliza kwa nini nimekaa sakafuni. Nikasema pana ubaridi mzuri.

Alhamisi, 15 Agosti

Gari liko tayari! Kilo themanini na moja zimetoka. Mke wangu amenishauri nikae ndani nijaribu. Nikakataa. Nimemweleza kwamba nataka mara yangu ya kwanza iwe mbele ya watu wote, naye akinitazama, kama siku ile nilipofunua shela. Akasema sawa, mume wangu, lakini shela haikuwa na bomba.

Nimesimama kwenye mizani kwa mzaha. Kilo tisa zaidi ya siku ya ndoa. Mizani imeharibika kwa sababu ya kupima vyuma.

Jumamosi, 17 Agosti

Niandike haraka.

Kwa kuwa gari halina taa, tulilivuta. Mwajiri wa mke wangu alituazima gari la mikate. Nililiendesha mimi, mke wangu akashika usukani wa gari letu nyuma, ili nimwone kwenye kioo. Nilimwona njia nzima. Nilipitiliza geti la uwanja mara mbili.

Mjuaji alikimbia mapema. Dakika moja na sekunde thelathini na nne. Alishuka akivua glovu kidole kimoja kimoja. Baba mkwe na mama mkwe walikuwa wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja, mstari wa mbele.

Namba yetu ikaitwa. Nikavaa helmeti. Nikampungia mke wangu mkono. Nikaingiza kichwa kati ya zile bomba mbili, nikaingiza mabega, nikaingiza tumbo, na hapo safari ikaisha. Mbele sikwenda. Nyuma sikurudi. Miguu yangu ilikuwa nje, ikielekea kwa wakwe.

Mimi, ambaye kazi yangu ya kila siku ni kupima miguu ya watu isije ikabanwa!

Mwamuzi alinivuta mguu mmoja, Mjuaji mwingine, tena kwa furaha. Mke wangu akaleta kopo la siagi kutoka gari la mikate, akanipaka kiunoni kwa upole usioelezeka. Nikatoka. Suruali ikabaki. Mama mkwe akageukia upande wa mawingu.

Mwamuzi akasema tuna dakika tatu, la sivyo namba inafutwa. Mjuaji akauliza kwa sauti kama funguo atazipata leo au kesho. Nilimtazama mke wangu. Nilitaka kumwambia yote pale pale, kwamba gari la baba yake linaondoka na kosa ni langu. Yeye alikuwa ameshanivua helmeti. Akapita kati ya bomba kama barua kwenye bahasha.

Sijui nielezeje. Gari halikupiga kelele kwenye kona, lilizunguka kama linamwagwa. Dakika moja na sekunde ishirini na tisa! Nilikimbia uwanjani nimejifunga taulo. Nililia. Nikamwambia kila mtu, huyo ni mke wangu!

Hapo Mjuaji akapaza sauti. Akasema haihesabiki, kwamba dau lilikuwa baina yake na mimi, si baina yake na dada yake, na gari ni lake.

Mke wangu akatoa helmeti polepole. Akauliza, Dau gani?

Baba mkwe alikunja kiti chake. Kilitoa mlio mrefu.

Jumapili, 18 Agosti

Nilipika uji, nikauunguza. Nimemwomba msamaha mara kumi na moja, mara moja nikiwa nimepiga magoti juu ya spana.

Saa nne asubuhi alikaa kwenye kile kiti cha nyuma, akaniita, akamwita na kaka yake. Alikuwa na bahasha mapajani. Ndani kulikuwa na kadi ya gari. Akamwambia Mjuaji asome jina. Mjuaji akasoma. Akaniambia na mimi nisome. Jina la mke wangu! Lake peke yake, tangu wiki moja kabla ya harusi. Baba mkwe alimpa yeye. Mimi nilipewa kupanda.

Mke wangu akasema kwa utulivu unaozidi wa mwalimu mkuu kwamba wanaume wawili wazima wamepeana mikono juu ya mali ya mtu wa tatu, na wote wawili wamemdharau. Mjuaji akaanza kusema lakini dada. Akamwambia, Kaka, lete kabati. Mjuaji akalileta. Droo zote saba.

Alipoondoka, mke wangu akanigeukia. Akasema hakuumia kwa ajili ya gari. Aliumia kwamba kwa wiki mbili nilimwomba anishikie tochi na sikumwambia inamulika nini. Hapo nilishindwa hata kulia vizuri. Akanitaka niahidi: sitaweka tena rehani kitu kisicho changu. Nimeahidi. Nimeahidi kwa moyo wote, nikiwa nimeshika mikono yake yenye harufu ya petroli na mikate. Akacheka kidogo! Tumesameheana. Yaani, amenisamehe.

Jumanne, 20 Agosti

Mimi ni mtu mpya. Nimejifunza jambo kubwa katika maisha na nataka liandikwe hapa: ndoa ni uwazi.

Klabu imemwandikisha mke wangu rasmi kwa shindano la Septemba. Mimi ni msimamizi wa upepo wa matairi. Leo dukani niliwaambia wateja sita, na mmoja alikuwa amekuja tu kuuliza njia.

Mjuaji naye alipita dukani, kununua kamba za viatu. Akasema sekunde ishirini na tisa zilikuwa bahati ya mwanzo, na kwamba dada yake hawezi kushuka chini ya ishirini na tano hata akisukumwa na mbogo. Mbele ya wateja! Kumsema mke wangu mimi!

Tumepeana mikono. Nimeweka jokofu. Ahadi sijaivunja hata chembe, jokofu ni langu, niliingia nalo kwenye ndoa. Yeye ameweka gari lake la kwake, na lazima mke wangu akimbie ishirini na nne. Bado sijamwambia. Siku zote anapenda nimfanyie mambo ya ghafla.