Malalamiko ya Goti Langu Lenye Wasimamizi Watatu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Masomo ya Uzamili,

Natumaini u mzima na shughuli zinakwenda. Mimi ni fundi cherehani, na ni mama wa mwanafunzi wako anayesomea uhandisi uliochanganywa na udaktari na saikolojia. Anatengeneza kifaa cha kufunga gotini ili wazee waweze kupanda ngazi. Mzee aliyepatikana ni mimi. Kwa heshima zote, naomba utafiti huu usimamishwe, kwa sababu hizi:

1. Goti langu la kushoto lina wasimamizi watatu. Mhandisi analiita bawaba. Daktari analibonyeza halafu ananiuliza linauma wapi, ilhali uso wangu umeshamjibu. Mwanasaikolojia halitazami kabisa. Anataka kujua mimi na goti tunaelewana vipi. Nimemwambia tumeishi pamoja miaka sitini na saba na hatujawahi kuitishana kikao.

2. Hawasikilizani. Mhandisi akitaka chuma kinene, daktari anataka chembamba, na mwanasaikolojia anataka kipakwe rangi ninayoipenda. Mwanangu anazunguka ofisi hadi ofisi kama mtu anayetafuta muhuri, kisha anarudi kunipima upya. Tepu ya kupimia ni yangu, ya kazini.

3. Mikanda ya kifaa ilishonwa na mhandisi. Sisemi zaidi. Juzi, mwanangu akiwa anaoga, niliifumua nikaishona upya, nikaweka kikunjo nyuma ya goti kama ninavyofanya kwenye kiwiko cha koti. Basi vipimo vipya vikakataa kufanana na vile vya miezi saba. Mwanangu alilia mpaka nikajuta, maana asipokabidhi tasnifu mwisho wa mwezi huu, anaondolewa chuoni.

4. Badala ya kunigombeza, wasimamizi wote watatu walikuja chumbani kwangu, wakaizunguka cherehani, na kwa mara ya kwanza wakakubaliana: ushonaji nao uingizwe kwenye tasnifu! Mtoto aliyeshindwa kupinda sketi yake ya shule, na zimebaki wiki mbili!

Mheshimiwa, tukinyamaza ataitwa fundi viatu, kwa kuwa chini ya goti kuna mguu; kisha mwashi, kwa kuwa ngazi ni zake; mwishowe majirani, kwa kuwa husikia nikishuka. Ama mwanangu arudishiwe taaluma moja, ama niteuliwe msimamizi wa nne, nipewe na kiti.

Nisalimie makarani wako wote, na mlinzi wa getini aliyenishikia mkoba.

Wako katika maumivu na adabu,
Fundi cherehani, mama, na mwenye goti.

N.B. Barua nimeileta mwenyewe. Lifti yenu mbovu, na ofisi yako iko ghorofa ya nne. Nimefika mlangoni pako ndipo nikagundua kwamba sikushika ukuta hata mara moja. Miaka miwili sijapanda ngazi hivyo. Nimekaa kwenye benchi la nje nikalia, kwa furaha, na ndipo ninapoandikia haya. Tafadhali ichane barua, umwongezee mwanangu mwezi mmoja, na huo ushonaji asome, nitamfundisha mwenyewe. Kifaa sirudishi.