Kompyuta ya Wageni

Gari la matangazo lilizunguka Kibiti nzima, kutoka stendi hadi sokoni, likiwaarifu wananchi wote wa bonde na delta kwamba Ofisi ya Uratibu wa Madhara ya Wanyama Waharibifu imeunda Kamati ya Kuhuisha Kompyuta. Wananchi walitakiwa kuwa watulivu. Walikuwa watulivu. Muuza mihogo mmoja aliuliza kama hiyo kompyuta imefariki, akaambiwa bado, ila iko mahututi. Akaiombea dua, akaendelea kukaanga.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Muhidini, Mratibu mwenyewe, mtu aliyeamini kwa moyo safi kwamba jambo likishaundiwa kamati limekwisha nusu. Ofisi yake ilikuwa na kompyuta mbili za mezani, pacha, zilizonunuliwa siku moja. Moja ilikaa mapokezi kwa karani wake, Bi Mwanamkuu, ikichapa maombi ya kifuta jasho, yaani zile fedha kidogo anazopewa mkulima ambaye shamba lake limeliwa na tembo, viboko au nguruwe. Ya pili ilikaa mezani kwa Mratibu, imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mkewe, Yasmin, chenye maua pembeni. Hii haikufanya kazi. Kila nyumba ya heshima ina sahani nzuri zinazokaa kabatini huku wenyewe wakila kwenye bakuli za plastiki, na kompyuta ya Mratibu ilikuwa ya namna hiyo. Ilikuwa ya wageni.

Iliyochoka ni ya Bi Mwanamkuu. Akiiwasha asubuhi, alipata muda wa kufagia ofisi, kunywa chai na vitumbua na kusikiliza habari za harusi ya jirani, na akirudi anaikuta bado inafikiri. Na maombi yalitakiwa yafike makao makuu kwa mtandao kabla ya Ijumaa jioni. Atakayechelewa angoje msimu mwingine.

Kamati ikakaa. Mjumbe Ismaily alipendekeza inunuliwe skrini kubwa, ili foleni isiposogea wananchi angalau waone vizuri kwa nini haisogei. Mjumbe Hemedy alitaka spika zenye taa za rangi. Kamati ikakaa tena, na kwa kuwa kukaa kuna posho na soda, fungu la kuhuisha likapungua kwa utaratibu mzuri. Mwisho akaitwa fundi, Sadala, mwenye kibanda cha simu pale stendi, aliyewahi kufanya kazi Kariakoo na hakumruhusu mtu asahau.

"Wazee, msizingue," alisema Sadala baada ya kufungua kasha na kupiga chafya. "Prosesa nzima. Skrini nzima. Kuchapa barua hakutaki makuu. Toeni hii diski ya zamani, wekeni SSD, diski ya kisasa yenye kasi. Ongezeni ramu, kumbukumbu yake. Vumbi nalipuliza bure. Basi! Mzee anaumwa miguu, nyie mnataka kumnunulia kofia?"

Kamati ilipokea ushauri huo kwa kauli moja. Likabaki suala dogo la kitaalamu: fungu lililobaki lilitosha kompyuta moja tu. Iwe ya nani?

"Ya mapokezi," alisema Bi Mwanamkuu. "Si ndiyo inayofanya kazi?"

Bwana Muhidini alimtazama kwa huruma. "Bi Mwanamkuu, akija mgeni wa mkoa akakuta mashine ya karani inakimbia na ya Mratibu inajikongoja, ataelewaje?"

"Ataelewa kwamba ya karani ndiyo inayotumika."

"Ataelewa kwamba mimi ni karani wako!"

Ukabandikwa waraka ukutani. Kifaa cha ngazi ya chini kisikizidi kwa kasi kifaa cha ngazi ya juu. Mtumishi wa ngazi ya chini asiguse kifaa cha ngazi ya juu kwa sababu yoyote ile. Waraka huu hautatenguliwa ila na kikao kamili cha kamati. Bwana Muhidini aliuandika mwenyewe, na kila alipopita ukutani alipunguza mwendo ausome tena.

Sadala akafanya kazi yake. Kompyuta ya Mratibu ikawa inawaka kabla mtu hajamaliza bismillahi. Bwana Muhidini akacheza karata kidogo kuijaribu, akafungwa upesi kuliko alivyozoea, akaizima na kuifunika kitambaa chake.

Alhamisi asubuhi ile ya mapokezi ikatoa mlio mwembamba, ikanuka moshi, ikazimika.

"Inna lillahi," alisema Bi Mwanamkuu, na hakuwa anatania.

Foleni ilikuwa imefika nje. Mbele kabisa alikuwa Bi Mwanamina wa Mloka, mama mtu mzima, aliyelinda mahindi yake msimu mzima juu ya dungu, kile kibanda cha juu ya miti, akipiga debe mpaka mikono ikaota sugu. Tembo walipita chini ya dungu lenyewe wakala kila kitu, hadi mabua.

"Kifuta jasho hicho ndiyo mbegu yangu," alisema. "Kisipokuja, msimu huu nipande nini, mchanga?"

Mtu mmoja akashauri wakachape steshenari.

"Haiwezekani," alisema Bwana Muhidini. "Mienendo ya tembo ni siri ya ofisi."

"Walipita katikati ya kijiji, mwanangu," alisema Bi Mwanamina. "Kila mtu kawaona."

Mratibu akakohoa. "Bi Mwanamkuu, ingia kwangu, utumie yangu."

Bi Mwanamkuu hakuinuka. Alinyoosha kidole ukutani. "Waraka, Bwana Mratibu. Mimi ngazi ya chini."

"Nautengua!"

"Unatenguliwa na kikao kamili."

"Basi kiitishwe!"

"Fungu la vikao limekwisha, Mwenyekiti," alisema Ismaily kutoka mlangoni, kikombe mkononi. "Labda mwaka mpya wa fedha. Na bila posho akidi haitimii, wajumbe wako unawajua."

Foleni ikaangua kicheko. Bi Mwanamina peke yake hakucheka. "Mwanangu," alimwuliza Mratibu, taratibu, "wewe mikono huna?"

Aibu ikampanda Bwana Muhidini mpaka masikioni. Aliingia ofisini, akaivua kompyuta kitambaa, akaketi. Bi Mwanamina akakaa kwenye kiti cha wageni, akaanza kumsimulia tembo wake.

"M iko wapi?" aliita Mratibu.

"Mstari wa chini, kulia," alijibu Bi Mwanamkuu mlangoni, mikono nyuma, asije akagusa.

Ijumaa alasiri ombi la mwisho lilikwenda. Bi Mwanamina alishamwombea Mratibu heri ya dunia na akhera. Sadala alipita kuikagua mashine, akatikisa kichwa: "Hii haina neno. Kinachochelewesha sasa ni kidole."

Jumatatu foleni mpya ilitoka Nyamisati, viboko wamekula mpunga, watu wakiwahi orodha ya msimu mwingine. Na siku hiyohiyo, bila taarifa, akaja mgeni wa mkoa. Alimkuta mapokezi mama mmoja ameketi wima, anaita watu kwa zamu na kuwapanga kwa kalamu, na ndani mwanamume aliyelowa, anadonoa herufi moja moja, akijifuta jasho kwa kitambaa chenye maua.

Mgeni akampa Bi Mwanamkuu mkono kwa furaha.

"Hongera sana, Mratibu. Karani wako ana bidii. Ila mwambie ajifunze kutumia vidole vyote."

"Tunamhuisha, mheshimiwa," alisema Bi Mwanamkuu. "Taratibu tu, kulingana na fungu."